Habari za Kuangushwa kwa Jenerali Kutu Sebuleni

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio. Mwenye chungu motoni na apunguze moto, mwenye simu mkononi na ailaze kifudifudi, kwa maana inasimuliwa hapa vita iliyopiganwa siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja na dakika ishirini, katika sebule yenye makochi mawili na zulia lililochakaa upande wa mlangoni, ambamo wanawake wawili wasiosemezana waliliponda jeshi la kutu na kumwangusha jemadari wake. Wengi wamesimulia kuanguka kwa miji mikubwa. Hii ni kubwa kuliko hizo, kwa kuwa miji ile haikuangushwa huku mama mkwe akitazama.

Jueni kwanza shujaa ni nani. Alikuwa Fundi Miwani, msaga vioo, mpima mboni, aliyekaa miaka kumi na mmoja nyuma ya meza ndefu ya duka la miwani akiwarudishia watu sura za watoto wao na namba za mabasi. Mwenye vidole vyembamba visivyotetemeka hata vishikapo skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mtama. Dukani hakuna aliyethubutu kusogeza koleo lake hata kwa upana wa ukucha. Nyumbani, hata hivyo, sufuria zake zilikuwa zinahama.

Na aliyezihamisha ni Mama Mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, mtawala wa gwaride la asubuhi kwa miaka thelathini na miwili, ambaye sauti yake ilikuwa ikinyamazisha wanafunzi mia sita bila kipaza sauti. Alikuja kukaa kwa mwanawe majuma mawili ili atolewe mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Akatolewa salama, na daktari akampa masharti manne: asiinue kitu kizito, asiiname, asilisugue jicho, na arudi Alhamisi ya juma la pili aangaliwe. Aliyasikiliza masharti hayo kama alivyozoea kuwasikiliza wakaguzi wa shule, kwa adabu na bila ahadi.

Siku ya tatu ya ugeni wake, sufuria zilizokaa kabati la chini tangu nyumba ihamiwe zilikutwa juu, kwenye rafu ya vikombe, na vikombe vimejipanga juu ya friji. Fundi Miwani akazirudisha chini bila neno. Kesho yake zikapanda. Akazishusha. Kwa siku sita majeshi ya bati yalipanda na kushuka ukutani mle, na katika siku hizo zote hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Walisalimiana, wakakaribishana chai, wakapeana kibakuli cha chumvi kwa mikono miwili, na adabu ikazidi mpaka nyumba ikawa haikaliki. Mume, aliye dereva wa lori la safari ndefu, alikuwa njiani na mzigo wa saruji. Angerudi Jumatatu, na kwenye simu aliambiwa na kila mmoja kwamba hali ni nzuri.

Hata ilipowadia Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mama Mkwe aliweka kijiko chini, akajifuta midomo, akahutubia meza.

"Mkwe wangu," akanena, "nimekaa katika nyumba hii siku tisa. Nimekula, nimelala, nimetunzwa, wala mbele za watu sitakuwa na la kulalamika. Lakini saa ya kuaga naijua. Mwanangu akirudi Jumatatu atanipeleka kwangu. Kwa hiyo nakuomba uniteremshie sanduku langu lililo juu ya kabati la nguo, maana mimi nimekatazwa kuinua."

"Na Alhamisi, mama? Daktari je?"

"Nimeshaona vya kutosha," akasema Mama Mkwe, akainuka kwenda chumbani.

Fundi Miwani akabaki na vyombo. Ndani yake mlikuwa na hofu, kwa maana yeye kuliko wote alijua jicho lisiloangaliwa baada ya kupasuliwa linaweza kuharibika kimya kimya, bila hata kuuma, na dukani kwake alikwisha kuwapokea waliokuja wamechelewa. Akilini alimwona pia mumewe mlangoni, sanduku miguuni, akimtazama huyu kisha yule asijue asimame upande gani. Lakini chini ya hofu hiyo ilikuwapo nafuu, nafuu ya mtu anayefikiria jiko lake mwenyewe, na nafuu hiyo ndiyo iliyomtia haya hata akakwaruza sufuria moja zaidi ya ilivyohitaji.

Akachukua kigoda, akapanda, akanyoosha mkono juu ya kabati la nguo. Na nyuma ya sanduku la Mama Mkwe, chini ya vumbi la miaka, mkono wake ukagusa boksi lililofungwa kwa mpira wa kushonea.

Ilikuwa mashine yake ya gemu.

Enyi mliokuwa vijana zamani hizo, kumbukeni. Katika ukumbi wa michezo wa usichana wake, gemu la Walinzi Wanne lilikuwa kabati refu kuliko mlango, lenye vijiti vinne na vitufe vilivyolainishwa na jasho la vidole, na picha zake ziling'aa hata zikawapaka rangi nyuso za waliozitazama. Humo mashujaa wanne wenye nguvu zisizo za kibinadamu waliulinda mji dhidi ya Jenerali Kutu, adui wa kila kilicho cha chuma. Ukifa, ulitumbukiza sarafu ukafufuka. Toleo la nyumbani lilikuwa kama mdogo wake aliyeugua utotoni: mashujaa wafupi kama vidole gumba, rangi zimefifia, muziki unalia kama nzi ndani ya kopo. Wachezaji wanne walikuwa wamepungua wakawa wawili, na sarafu hazikuwa na kazi. Kila mmoja alipewa roho tano, na roho zikiisha zimeisha. Mara mia moja na zaidi Fundi Miwani alimfikia Jenerali Kutu na mara hizo zote alifia miguuni pake. Mara ya mwisho alikuwa na miaka kumi na saba.

Akaliacha sanduku palepale juu. Akashuka na boksi.

Ikafuata vita ya nyaya, nayo haikuwa ndogo. Waya wa njano ulilitafuta tundu lake nyuma ya runinga, na mweupe lake, katika giza na vumbi, na shujaa alilala kwa tumbo akizipapasa kama mkunga. Alipoiwasha, kioo kilitoa chenga tu, kama mchanga. Akaichomoa kaseti ya gemu, akaipuliza mdomoni kama mpiga filimbi, jambo ambalo mafundi wote hulikataza na wote hulifanya, akairudisha. Mchanga. Akapuliza tena. Mara ya tatu jua la rangi ya machungwa likachomoza juu ya mji wa maghorofa, na nzi akaanza kulia ndani ya kopo.

Akamchagua Radi, mwanamke wa joho la zambarau arushaye umeme kwa kiganja. Akaketi chini juu ya zulia, pedi ya vitufe mkononi na ya pili kando yake. Kwa nini alifanya hivyo saa ile, na sanduku linasubiriwa, mwenyewe hakuweza kueleza. Alikuwa amechoka kuwa mtu mzima tangu Alhamisi ya juma lililopita.

Alikuwa ameshawalaza chini maaskari saba wa kutu, Mama Mkwe alipotokea mlangoni.

"Nilisikia milio," akasema. "Nikadhani jiko linavuja. Sanduku liko wapi?"

"Linakuja, mama. Namalizia hapa kidogo."

Mama Mkwe akavuka sebule. Akaja akaketi kwenye ukingo wa kochi, mgongo umenyooka, bila kuegemea, kama akaavyo mkaguzi nyuma ya darasa. Walipokwisha kufa maaskari wengine sita, akauliza, "Huyu mwanamume mkubwa wa kwenye picha ya boksi ni nani?"

"Anaitwa Nyundo. Anachezwa na mchezaji wa pili."

"Amevaa chupi juu ya suruali."

"Ni shujaa, mama. Mashujaa ndivyo wanavyovaa."

"Na nyumbani kwake hakuna mtu mzima?"

Fundi Miwani akabonyeza. Radi akalivunja pipa la taka, na ndani yake akatoka kuku mzima wa kuokwa, yuko juu ya sahani, anafuka moshi. Radi akamla, na nguvu zikamrudia.

"Ametoka kwenye pipa la taka," akasema Mama Mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wanafundishwa hivi." Akaonesha zulia kwa kidole. "Hii ya pili, hii pedi hapa chini, ni ya nani?"

"Ya mchezaji wa pili."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Sijawahi kuliingia darasa lenye kiti kitupu nikakaa kimya," akasema Mama Mkwe. "Ilete. Daktari alisema runinga ruhusa. Kuinama ndiyo marufuku."

Ndivyo Nyundo alivyoingia vitani. Na ukweli lazima usemwe, hata wa aibu: dakika yake ya kwanza nzima aliimaliza akisukuma ukuta. Dakika ya pili chungu cha maua kikamdondokea kutoka dirishani, na roho moja ikamtoka.

"Nani ameangusha lile?"

"Adui, mama."

"Hata hakujitambulisha." Akavipapasa vitufe vya pedi. "Na kitufe hiki kinafanya nini?"

"Kinapiga."

Tangu neno hilo kutamkwa, hapakuwa na amani tena katika mji ule. Mama Mkwe alikipata kitufe cha kupiga wala hakukiacha. Nyundo alikwenda mbele kama gari lisilo na breki, akiwazoa maaskari wa kutu wawili wawili, akiyavunja mapipa, akizivunja taa za barabarani ambazo hazikuwa za adui, na kila kuku aliyetoka pipani alimla kabla sahani haijagusa lami. Katika hatua ya pili walitokea kuku watatu. Akawala wote watatu. Nguvu za Radi zilikuwa zimebaki mstari mwembamba kama uzi.

"Mama," akasema Fundi Miwani, akiyachagua maneno, maana kuna namna ya kusema na mama mkwe hata kama amekula kuku wako, "naona huyo wa mwisho alikuwa upande wangu."

"Hakuandikwa jina."

"Nguvu zangu zimebaki kidogo sana."

"Na mimi ni mgonjwa," akasema Mama Mkwe, akampiga askari teke.

Wakaingia hatua ya tatu, ambayo ni ndani ya lifti. Hapo mashujaa husimama juu ya ubao wa chuma unaopanda taratibu kando ya ghorofa refu, na maadui huruka mmoja mmoja, na kati ya mmoja na mwingine kuna kimya. Na katika kimya kimojawapo, bila kuondoa macho kwenye kioo, Mama Mkwe akasema:

"Sufuria."

Fundi Miwani akaitika. "Abee, mama."

"Kila siku unazirudisha chini."

"Ndiko zinakokaa, mama."

"Nimekatazwa kuinama."

Askari wa kutu akaruka ndani ya lifti, akampiga Radi, akampiga tena, na Radi hakuinua mkono, kwa sababu aliyemshika alikuwa ameganda juu ya zulia. Mpima mboni, mwenye kuyajua masharti ya macho kama ajuavyo njia ya kwenda kazini, aliyeyabandika masharti yale manne kwa mkono wake mwenyewe kwenye mlango wa friji, alikuwa amezirudisha sufuria kabati la chini siku sita mfululizo.

Nyundo akamwangusha yule askari.

"Ungeniambia, mama," akasema Fundi Miwani.

"Ningekuambia nini? Kwamba siwezi kuokota sufuria?" Sauti haikupanda. "Wewe unashinda kazini umeketi, unarudi shingo imekauka, unapika umesimama. Nilitaka ukirudi ukute maji yamechemka. Maji tu. Nazitoa kwa kupiga magoti, mgongo wima, nazipandisha ili nizifikie nikiwa nimesimama, narudi jikoni mchana nakuta zimeshuka. Nikasema, basi, binti huyu hataki maji yangu."

"Mimi nilidhani unanionesha kwamba jiko langu limekaa vibaya."

"Limekaa vibaya," akasema Mama Mkwe. "Lakini hilo ni jambo lingine. Kushoto kwako."

Kushoto alikuwapo askari. Radi akamgeukia na kumpiga kwa umeme ambao haukuwahi kuonekana katika mashine ile, au ndivyo ilivyoonekana kwa aliyekuwa akipangusa macho kwa bega.

Lifti ikafika juu. Na juu, kati ya mabomba yanayotiririka, akasimama Jenerali Kutu.

Mabega yake yalikuwa mapana kuliko lori, na kifua chake kilikuwa boila. Kila alichokanyaga kiligeuka rangi ya udongo. Alikuwa akirusha mataruma ya reli, na taruma moja lilitosha kuondoa roho nzima. Mashujaa walimwendea wote wawili kwa pamoja. Nyundo akapigwa, akafa, akarudi, akafa, roho yake ya mwisho ikamtoka akiwa bado anabonyeza kitufe kilekile. Radi alikuwa amebakiwa na roho mbili.

Mama Mkwe akaishusha pedi mapajani. "Basi," akasema. "Mimi nimekwisha. Endelea."

"Mama, bonyeza kitufe cha katikati. Utachukua roho moja ya kwangu."

"Wewe utabaki na ngapi?"

"Moja."

"Huko ni kuomba au kuiba?"

"Mashine haiulizi."

"Mimi najiuliza," akasema Mama Mkwe. "Basi naomba."

"Chukua, mama."

Nyundo akashuka kutoka mbinguni, amevaa chupi yake juu ya suruali, na vita ikaanza upya. Kwa muda ambao saa ya ukutani iliuita dakika nne walimzunguka jemadari yule, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakimdonoa na kukimbia. Kisha teke la jemadari likamkumba Nyundo, akalala chali, na kabla hajaamka jemadari aliinua taruma. Fundi Miwani aliliona. Alikuwa na nafasi ya kuruka kando, na vidole vyake vilijua namna ya kuruka tangu utoto. Akamsogeza Radi katikati. Taruma likampata yeye, na joho la zambarau likamemeteka mara tatu na kutoweka.

"Umefanya nini?" akauliza Mama Mkwe.

"Ulikuwa unaamka."

Mama Mkwe akakitazama kioo. Akaegemea kochi, kwa mara ya kwanza tangu alipofika katika nyumba ile, akaikamata pedi kwa mikono miwili. Nyundo akabaki peke yake duniani. Akaruka taruma. Akapiga. Akaruka jingine.

"Anakuwa bluu," akasema.

"Nani, mama?"

"Huyu. Bega lake linakuwa bluu kabla hajarusha."

Fundi Miwani akasogelea kioo. Aliona udongo juu ya udongo, kama alivyoona mara mia katika maisha yake. Ndipo alipokumbuka wateja wake, wale wanaotoka kupasuliwa wakaja dukani wameduwaa, wakisema shuka walizozidhani za kijivu zimegeuka bluu kwa usiku mmoja. Maana mtoto wa jicho huitia dunia rangi ya chai, na bluu ndiyo ya kwanza kupotea, na siku akitolewa ndiyo ya kwanza kurudi. Jicho la kulia la Mama Mkwe lilikuwa na siku nane duniani. Hapakuwa na jicho jipya kuliko hilo katika mtaa mzima.

"Mimi siioni, mama," akasema. "Lakini wewe unaiona. Ukiona bluu, ruka. Ikizimika, piga."

"Nikiona, naruka. Ikizimika, napiga," akarudia Mama Mkwe, kama anayepokea zamu.

Akaona, akaruka. Ikazimika, akapiga. Mara ya pili hivyo, mara ya tano hivyo, na mkwe wake amepiga magoti juu ya zulia, mikono mitupu, midomo ikitembea bila sauti. Nje mtu alikuwa akiita mtu mwingine kuhusu ndoo. Mara ya kumi na mbili bega likawaka, Nyundo akaruka juu ya taruma, akatua, akapiga ngumi moja ya kawaida, isiyo na mbwembwe. Boila la kifua likapasuka. Jenerali Kutu, mla madaraja, aliyewashinda wasichana na wavulana wa kizazi kizima, akapiga goti moja, kisha la pili, akageuka rundo la vumbi, na vumbi likapeperuka.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Mkwe akauliza kama wamemaliza, akaambiwa ndiyo, akasema vizuri.

Kisha kioo kikawa cheusi na kuandika orodha ya mabingwa, na mashine ikamtaka aliyebaki hai aandike jina lake kwa herufi tatu.

"Andika lako," akasema Mama Mkwe. "Gemu ni lako na roho ilikuwa yako."

"Anaandika aliyeshinda, mama. Pedi ni hiyo uliyoshika."

Mama Mkwe akaanza kuzizungusha herufi moja moja. Ikatokea S. Ikatokea I. Akasita. Akazungusha tena, ikatokea E.

"'Sie' si sanifu," akasema, akiitazama. "Miaka thelathini na miwili nimelikata kwa kalamu nyekundu."

"Tutafute jingine?"

"'Sisi' lina herufi nne," akasema Mama Mkwe. "Nafasi ni tatu." Akabonyeza.

Jioni ile Fundi Miwani alizipandisha sufuria kwa mkono wake mwenyewe, akavihamishia vikombe kabati la chini, na asubuhi ya Jumapili akanywa chai ambayo hakuichemshia maji. Ilikuwa na majani mengi mno. Akainywa yote. Habari za kuondoka Jumatatu hazikutajwa tena, na hakuna aliyezifuta rasmi.

Lakini mashine ile haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, majina yanafutika. Mama Mkwe alipoelezwa hilo alisema basi isizimwe. Ikaachwa ikiwaka Jumapili nzima. Ilipopata joto, wakaielekezea feni. Jumatatu alasiri yule dereva aliingia na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, akawakuta mkewe na mama yake wanachambua mchele katika sinia moja, na runinga inang'aa bila mtu wa kuitazama. Akanyoosha kidole aizime.

"Usiguse," wakasema wote wawili.

Kidole kikabaki hewani. Akainama, akasoma kioo. "Sie ndio nani?"

"Nenda kanawe," akasema mama yake.

Na ijulikane kwa vizazi kwamba ufalme wa SIE ulidumu siku tano, usitikiswe na mtu, mpaka Alhamisi saa nne asubuhi, umeme ulipokatika mtaa mzima, wakati washindi wakiwa kwa daktari, ambaye alilimulika lile jicho, akaliona zima, akasema hajaona kidonda kilichopona vizuri namna ile. Waliporudi umeme ulikuwa umesharejea, lakini kioo kilikuwa kitupu, na katika dunia nzima hapakuwa na alama iliyobaki ya ushindi ule, ila hii mnayoisikia sasa.

Fundi Miwani alisimama mbele ya runinga na mkoba bado begani. Alipiga simu dukani, akasema atachelewa. Mama Mkwe akavua viatu, akaketi kwenye kochi, akaegemea, akanyoosha mkono apewe pedi.

"Washa," akasema.